Kati ya aliyepiga .340 na aliyepiga .232, ningemchukua nani?

Swali: "Kaka, habari za kazi. Naishi Dallas, nafanya shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo, na wenzangu wengi ni Wavenezuela. Wao ndio walioniambukiza ugonjwa huu wa besiboli. Timu ninayoipenda ina vijana wawili kwenye ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika. Mmoja ana miaka 17, alipewa zaidi ya dola milioni mbili kusaini, akaishia kupiga .232. Mwingine ana 19, alisaini kwa pesa ya kununulia pikipiki, akapiga .340. Ajabu ni kwamba orodha za chipukizi zimempandisha yule wa .232, na huyu wa .340 hayumo kabisa. Wenzangu wanasema wanalindana kwa sababu ya pesa. Ni kweli? Mtu wa kawaida kama mimi anawapimaje vijana hawa? Na wale wa Uganda ninaosikia wamesajiliwa, nao hupimwa hivyohivyo? Takwimu za hawa wawili nimekuwekea hapa chini."

Kaka, salama. Nianze na takwimu ulizoniwekea, maana umeshika jibu mkononi bila kujua.

Wote wawili walipata zamu 200 za kupiga. Wastani wa .340 au .232 ni hiti ukizigawanya kwa zamu, besi za bure zikiwa zimeondolewa. Mkubwa alipata hiti 65, yaani mara 65 alifika besi kwa kugonga mpira, mbili kati ya hizo homurani, zilizoruka nje ya uwanja. Alipewa besi za bure 9 tu, zile za mirusho minne mibaya, akatolewa kwa straiki tatu mara 46. Mdogo alipata hiti 38, homurani 3, besi za bure 36, straiki tatu mara 34. Sasa ondoa besi za bure, ondoa straiki tatu, ondoa na homurani. Utakachobaki nacho ni ile mipira iliyogongwa ikaingia uwanjani, walinzi wakahangaika nayo. Kwa mkubwa ni mipira 143, na 63 ilizaa hiti: 44 katika kila 100. Kwa mdogo ni mipira 127, na 35 ilizaa hiti, yaani 28 katika kila 100.

Katika ligi kuu ya Marekani hesabu hiyo huzunguka 30 katika 100, mwaka nenda mwaka rudi. Mtu anayefikisha 44 hapigi vizuri kuliko binadamu wote. Anacheza mbele ya walinzi wa miaka 17 ambao mpira unawapita katikati ya miguu, kwenye ligi ambayo mpira wa kubiringika polepole unatosha kumfikisha mtu besi ya kwanza. Mpandishe madaraja mawili, mpira uleule utaokotwa na kurushwa naye bado yuko njiani. Bahati ile itabaki Dominika, ila straiki tatu mara 46 atasafiri nazo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililowafanya waandika orodha wampite bila kugeuka: umri. Kijana wa miaka 19 kwenye ligi ile ni kama mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeongoza mtihani wa darasa la saba. Juan Soto alisaini na Washington Nationals mwaka 2015 akiwa na miaka 16. Mei 2018, akiwa na 19, alikuwa anacheza ligi kuu, tena baada ya mechi 8 tu za daraja la AA, ngazi mbili chini ya ligi kuu. Simsemi Soto ili umfananishe na mtu yeyote. Wa namna yake hawazaliwi kila mwaka. Nataka tu uone kwamba miaka miwili katika umri huu ni mingi mno. Ndiyo maana kabla sijasoma takwimu yoyote ya kijana, nafunika safu ya wastani kwa kidole na kusoma tarehe ya kuzaliwa kwanza.

Hata hivyo sitaki uniamini kirahisi kuhusu zile besi za bure 36. Kwenye ligi ile warushaji wengi hawajui mpira wao utatua wapi. Kijana anaweza kusimama tu kama mlingoti, gongo begani, akapewa besi ya bure. Takwimu itaandika kwamba ana jicho zuri kumbe ni mwoga. Tofauti ya mwenye jicho na mwoga haipatikani kwenye jedwali. Inabidi umwone.

Nikusimulie nilivyojifunza hilo. Kwa misimu kadhaa nilifanya kazi ya kurekodi mirusho kwenye ligi ya vijana ya Arizona, ile ambayo wengi hupelekwa wakitoka Dominika. Mechi zinachezwa kwenye viwanja vya mazoezi, Julai, saa moja jioni na joto bado nyuzi 40. Watazamaji kumi na kitu, nusu yao maskauti wenye bunduki za rada mapajani na chupa za maji zilizoyeyuka barafu. Jioni moja alisimama kijana wa Kivenezuela wa miaka 17, mwembamba, soksi zimevutwa hadi magotini. Mrusho wa kwanza ulikuwa wa kasi, katikati kabisa: akauzungushia gongo kwa nguvu zote, akaukosa kidogo, ukaruka nyuma. Wa pili ulipinda ukazama nje ya eneo la straiki. Mguu wake wa mbele ulishatua, nyonga imeshaanza kufunguka, lakini mikono ilibaki nyuma na gongo halikutoka. Wa tatu vivyo hivyo, akauacha. Wa nne ulirudi katikati, akaupiga ukaenda moja kwa moja, chini-chini, ukaishia kwenye glavu ya mlinzi wa besi ya tatu ambaye nadhani alijikinga uso tu. Kifaa changu kikaandika maili 106 kwa saa.

Usiku ule alimaliza sifuri katika zamu nne. Msimu ule alipiga chini ya .240. Nilipoandika ripoti yangu nilimweka juu ya kila mtu kiwanjani, na bosi wangu wa wakati huo akaniuliza kama jua limenipiga.

Kilichonishawishi si ile 106 peke yake, ingawa ni nyingi kwa mtoto wa miaka 17. Kwa kulinganisha, mpira unaogongwa kwenye ligi kuu huondoka kwenye gongo kwa wastani wa maili 88 au 89, na wataalamu huita "umegongwa sana" ukifika 95. Kilichonishawishi ni mikono kubaki nyuma mguu ulipokwisha kutua. Hiyo ndiyo sekunde anayoamua. Mwoga haamui, anangoja tu. Mwenye papara ameshaamua kabla mrushaji hajaachia mpira. Huyu aliuona mpira, akaukataa, na mrusho wa kumfaa ulipokuja akaushambulia. Kwa hiyo ukimtazama kijana wako wa .232, usihesabu mirusho aliyoiacha. Tazama anaifanya nini ile iliyo katikati. Kama anaizungushia gongo kwa hasira, zile besi za bure 36 ni mali halisi.

Sasa turudi kwa wenzako na habari ya kulindana. Wamekosea nusu. Orodha hupanda na kushuka kwa sababu timu zina mitambo ya kupima mpira kwenye akademia zao za Dominika, na waandika orodha hupata minong'ono kutoka humo. Wewe na mimi hatuoni namba zile. Mkubwa wako pengine mipira yake mingi ilitoka na maili 80. Lakini wapashaji habari wale wale ni waajiriwa wa timu, na hakuna muuza embe anayesema embe zake chachu. Nusu iliyo kweli ni kwamba aliyepewa milioni mbili akifeli atajaribiwa tena na tena. Wa bei ya pikipiki akifeli msimu mmoja anapewa tiketi ya kurudi kwao.

Pesa yenyewe inapima nini? Inapima alivyoonekana kijana akiwa na miaka 13 au 14. Kanuni inasema mchezaji wa nje ya Marekani, Kanada na Puerto Rico anaruhusiwa kusaini akifikisha miaka 16, na tangu 2021 dirisha hufunguliwa Januari 15. Zamani lilikuwa Julai 2. Kila timu ina kikomo cha jumla ya fedha za kusaini wageni hawa, na tangu makubaliano ya mwaka 2016 kikomo hicho hakivukwi. Lakini kiuhalisia mikataba ya mdomo hufanywa miaka miwili au zaidi kabla, kati ya maskauti na buscón, yaani yule kocha-dalali anayemlea kijana, kumlisha na kumfundisha, kisha kuchukua fungu lake siku ya bonasi. Kanuni hazikubali ahadi hizo ila kila mtu anaishi nazo, na hazina mahakama. Januari 2025, nyota wa Japani Roki Sasaki, ambaye kwa kuwa alikuwa chini ya miaka 25 alihesabiwa kwenye kapu hilihili, aliposubiriwa asaini na Dodgers kwa dola milioni 6.5, baadhi ya vijana waliokuwa wameahidiwa fedha za timu hiyo walilazimika kutafuta pa kwenda.

Basi ukisikia "alisaini kwa milioni nne", maana yake kuna mtu mzima aliyemwona mtoto wa darasa la saba akakisia atakavyokuwa akiwa na miaka 25. Michael Ynoa alipewa dola milioni 4.25 na Oakland mwaka 2008, mrushaji mrefu ambaye kila mtu alimtaka. Mkono ukapasuliwa, na ligi kuu akaicheza misimu miwili tu, 2016 na 2017, akiwa na White Sox. Kevin Maitan wa Venezuela alipewa kiasi hichohicho na Atlanta Braves mwaka 2016. Mwaka uliofuata ligi iligundua timu hiyo ilikiuka kanuni za usajili, ikawaachia huru yeye na wenzake kadhaa. Angels wakampa milioni 2.2 nyingine, na ligi kuu hakuifikia. Upande wa pili yupo Jose Altuve. Alikuja kwenye majaribio ya Houston Astros kule Maracay, wakamwambia arudi nyumbani kwa kuwa ni mfupi. Kesho yake akarudi tena. Wakampa dola 15,000 mwaka 2007, na miaka kumi baadaye akawa mchezaji bora wa ligi yake. Ronald Acuña Jr. alisaini kwa 100,000. Elly De La Cruz alisaini na Cincinnati kwa 65,000 mwaka 2018, akacheza Dominika mwaka 2019 akapiga homurani moja tu, kisha akarefuka, akarefuka tena, na Juni 2023 alikuwa ligi kuu.

Nasisitiza huyo De La Cruz kwa sababu anatuleta kwenye jambo ambalo mashabiki hulipuuza kabisa: mwili. Skauti mzoefu akikutana na kijana wa miaka 16 humwangalia kama mzee wa kijijini anavyomwangalia ndama. Vifundo vya mikono, upana wa mabega, ukubwa wa viatu. Ataomba kumwona baba, mama, hata kaka mkubwa. Mabega mapana juu ya kiuno chembamba ni nafasi ya kuongeza kilo kumi na tano za misuli. Kijana ambaye ameshajaa na ana ndevu akiwa na 16 anapiga mbali leo, lakini huenda ameshafika mwisho wa barabara. Maitan, kwa maoni yangu, alikwama hapo zaidi ya mahali pengine popote: mwili ulikwenda upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Mwili ndio unaoamua pia atacheza wapi. Vijana bora karibu wote husaini kama mashotistopu, walinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, kwa sababu mtoto hodari huwekwa hapo popote duniani. Wengi hawatabaki. Wakinenepa huhamishiwa besi ya tatu, kisha pembeni, kisha ya kwanza, na kila wakihama, gongo lao linatakiwa liwe zito zaidi ili walipiwe mshahara. Uliza kuhusu kijana wako: miguu yake ni myepesi? Mkono unafika? Kama jibu ni hapana, .232 inaanza kuwa mzigo.

Maskauti huyaweka yote haya kwenye kipimo cha 20 hadi 80, kinachosemekana kuanzia kwa Branch Rickey, ambapo 50 ni wastani wa ligi kuu. Kila kipaji hupewa alama mbili, ya leo na ya kesho: kupata mpira, nguvu, mbio, ulinzi, mkono. Kijana wa miaka 17 anaweza kuandikiwa 20 ya leo na 55 ya kesho katika kupiga. Katikati ya hizo namba mbili kuna shimo la alama 35, na humo ndimo kazi yetu yote ilimo. Mbio na mkono hupimika kwa saa na rada, hakuna ubishi. Uwezo wa kupata mpira ndio mgumu kuliko yote kutabiri, na ndio ukikosekana vingine vyote havina faida. Nimeona vijana wakimbiao kama swala ambao hawajawahi kuufikia mpira wa kupinda hadi leo.

Kuhusu warushaji nitakuwa mfupi: usimpende mrushaji wa miaka 17. Mkono ni kamba. Framber Valdez alisaini na Astros kwa dola 10,000 akiwa na miaka 21, umri ambao maskauti wengi walishampita, na Cristian Javier wa timu hiyohiyo alisaini kwa kiasi hicho pia. Warushaji huchelewa kukomaa na huharibika mapema. Mwache afike A ya juu, ngazi moja chini ya AA, akiwa mzima, ndipo ujifunze jina lake.

Umri wa kwenye karatasi nao una hadithi zake, na sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu wa vijana Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 2006 Washington walimpa dola milioni 1.4 shotistopu aliyeitwa Esmailyn González, miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika kuwa jina lake ni Carlos Álvarez na alikuwa mkubwa kwa miaka minne kuliko alivyodai. Siku hizi uchunguzi ni mkali zaidi, wakati mwingine hadi vipimo vya damu na mifupa, ila bado ile tarehe ya kuzaliwa niliyosema naisoma kwanza huwa naisoma kwa jicho moja limefumbwa.

Uganda sasa. Njia ile ipo: timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers waliwasainisha Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Hawapimwi sawasawa na wa Dominika, na ni haki. Mdominika wa 16 ameshapigiwa mipira ya kupinda maelfu kwa maelfu. Mganda wa 18 huenda ameanza mchezo akiwa sekondari na mechi za ushindani alizocheza zinahesabika. Kwake natazama mkono, mwili, na kasi ya kujifunza kati ya mwezi wa kwanza na wa sita. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini mwaka 2008 akafika ligi kuu Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza. Miaka tisa. Ukitaka kuwafuata Waganda, jipange kwa saburi ya namna hiyo, ingawa timu mara nyingi hazina hiyo saburi.

Hazina kwa sababu kuna saa inayogonga. Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano timu lazima imweke kwenye orodha yake ya wachezaji 40 au timu nyingine inaruhusiwa kumchukua kwa bei ya chini. Kijana wako wa 17 atafikiwa na siku hiyo akiwa na 21 hivi, umri ambao Mmarekani aliyesoma chuo ndiyo kwanza anasaini. Tena kuanzia 2024 kila timu inaruhusiwa wachezaji 165 tu kwenye timu zake za chini ndani ya Marekani, badala ya 180. Nafasi za kumngoja mtu zimepungua.

Kwa hiyo sikushauri uandike orodha ya nambari moja hadi thelathini. Mimi mwenyewe huwaweka vijana wa Dominika kwenye kapu moja lisilo na nambari na sithubutu kumwita yeyote wa tatu au wa nane. Natazama wanavyofanya Arizona au Florida, kisha nasubiri zamu zao 200 za kwanza kwenye A ya chini, ngazi inayofuata. Pale ndipo wanapokutana na warushaji wa miaka 21 na 22 wanaoweza kuutupa mpira wa kupinda hata wakiwa nyuma kwenye hesabu ya mirusho, na pale ndipo mkubwa wako, kama hesabu yangu ni sahihi, atakapopiga .210.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho shabiki anaweza kuwashinda wakubwa wa timu: hana haraka ya kuuza. White Sox walimsainisha Fernando Tatís Jr. kwa dola 700,000 mwaka 2015. Juni mwaka uliofuata wakamtoa kwa San Diego Padres ili kumpata James Shields, mrushaji wa miaka 34. Tatís alikuwa na 17 na hakuwa amecheza hata mechi moja rasmi. Hakukuwa na wastani wa kufunika kwa kidole. Kulikuwa na mwili tu, na baba aliyecheza ligi kuu, na ripoti za maskauti ambazo Padres walizisoma vizuri zaidi ya wenye mali.

Ungekuwa wewe ndiye mwenye timu ukanipigia simu, ningekuambia mkubwa umuuze wiki hii, wakati .340 bado inang'aa machoni pa mtu. Mdogo usimguse. Mei akipelekwa Arizona, niandikie. Viwanja vile havina kiingilio, nami nitakaa nyuma ya wavu nimtazame mikono.